Wazee Wanasema Yaishe, Binti Hasemi Kitu

Barua za safari hii karibu zote ni za matusi ya mtandaoni, na wengi mnauliza jambo moja kwa njia tofauti: tukae tuyamalize, au twende polisi?

Dada, binti yangu wa miaka 19 yuko chuo. Wenzake watatu waliigeuza picha yake kuwa stika, wakaisambaza kwenye magrupu na maneno machafu. Wazazi wao wamekuja na wazee, wanaomba yaishe. Mume wangu amekubali. Binti hasemi kitu. Hii ndiyo ile haki rejeshi tunayoisikia? (Mama, Tanga)

Bado, mama. Hapo wazazi wamefunika aibu yao. Haki rejeshi huanza kwa aliyeumizwa: amepatwa na nini, anahitaji nini, na ni nani mwenye wajibu wa kukitengeneza. Kwenu wamezungumza baba na wageni, mwenye picha yuko chumbani kajifungia. Na kunyamaza kwake msikuhesabu kuwa ni kuridhia.

Muulize mkiwa wawili tu, kama anataka kukutana na vijana hao. Akikataa, kikao hakuna, hata kama wazee walishanywa chai. Akikubali, yeye ndiye aseme ni wapi, nani awepo, na nani atoke.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hii, sebuleni kwa mama mmoja. Shangazi wa kijana alikuja na maneno yake ya "hawa ni watoto, ni utani". Msichana hakubishana naye. Alimsogezea kijana simu, akamwambia: soma ulichoandika, kwa sauti, baba yako asikie. Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili akausoma kwa chini chini. Wa tatu ukamshinda. Shangazi hakurudia tena neno utani.

Baada ya hapo ndipo walipozungumza vitendo: kufuta, kuandika ukweli kwenye magrupu yale yale yaliyopokea uchafu ule, kukaa mbali naye. Kila jambo liliandikwa na tarehe yake, na mjomba mmoja akapewa kazi ya kufuatilia. Kwenye yale ya kwenu, mama, sijaona tarehe hata moja.

Nikikubali suluhu, si nimepoteza haki ya kushtaki? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hujapoteza. Huko Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni, kinatoza faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hilo ni kosa la jinai, na familia mbili haziwezi kulifuta kwa kushikana mikono.

Mimi naogopa zaidi ushahidi kupotea. Watu hufuta kila kitu kwanza ili kuonyesha nia njema, halafu ahadi ikivunjwa hawana cha kuonyesha. Kabla hujakaa na mtu, piga skrinshoti zenye jina la akaunti, tarehe na saa, na unakili kiungo. Karatasi yoyote yenye maneno "sitashtaki" usiisaini kabla wakili hajaisoma.

Mpenzi wangu wa zamani anatishia kurusha picha zangu za faragha. Anasema tukutane tuongee. (Msomaji, Mombasa)

Usiende. Anayetishia hajakiri kosa, na kikao kitakuwa fimbo nyingine mkononi mwake. Ripoti. Huko Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni katika kifungu cha 27 na usambazaji wa picha za faragha katika kifungu cha 37.

Na leo hii ingia StopNCII.org kama umetimiza miaka 18. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na kampuni zinazoshiriki, Facebook na Instagram zikiwemo, hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe.

Kuna mahali popote jambo hili la haki rejeshi limewahi kufanyika kweli, au ni maneno ya semina? (Mwalimu, Morogoro)

Lipo, na halikuwa laini. Desemba 2014 huko Halifax, Kanada, ilifichuka kwamba wanafunzi 13 wa kiume wa udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Dalhousie walikuwa na grupu la Facebook la kuwadhalilisha wanawake wa darasa lao. Wanaume 12 kati yao waliingia katika mchakato wa haki rejeshi uliochukua miezi kadhaa, ripoti ikatoka Mei 2015. Baadhi ya wanawake walisema njia hiyo waliichagua wenyewe na waliheshimiwa. Wengine waliandika kwamba chuo kinawasukuma waikubali. Mimi nawaamini wote. Mchakato ule ule humponya anayeuchagua na kumuumiza anayeburuzwa, ndiyo maana nimemsumbua mama wa Tanga kwa swali lile moja.

Mimi ndiye niliyetukana. Nilimwandama dada mmoja kwenye komenti kwa wiki nzima. Nimemwandikia: "Kama nilikukwaza, samahani." Hajajibu. Nimfuate nyumbani? (Kijana, Dodoma)

Usithubutu, mdogo wangu. Ukitokea mlangoni kwake bila kuitwa, utakuwa umemwandama kwa mara ya pili.

Na hiyo "kama" iondoe. Unajua ulimkwaza, ndiyo maana umeniandikia. Taja ulichoandika na siku ulizoandika, sema ni uongo kama ni uongo, na ukiseme pale pale kwenye komenti walipokuona watu wakati ule. Usitaje jinsi unavyokosa usingizi. Akiwa na mtu anayemwamini, muulize huyo kwanza kama ujumbe wako unapokelewa. Ukiambiwa hapana, usiutume.