Misa ya Mtakatifu Sesilia: kwaya ya parokia ianzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama kwaya ya parokia inaweza kuimba Misa ya Mtakatifu Sesilia ya Gounod, mtunzi wa muziki Mfaransa, kwenye sikukuu ya msimamizi wetu. Misa nzima ni nzito: inataka okestra, kinanda na waimbaji watatu wa solo. Ilipoimbwa nzima mara ya kwanza, Novemba 22, 1855, siku yenyewe ya Sesilia, ilikuwa katika kanisa la Saint-Eustache, Paris.

Katika nyimbo za Misa hiyo, chukueni "Mtakatifu" tu. Teno anaanza peke yake, taratibu, kwaya inamjibu kwa sauti ya chini, kisha wote mnapanda pamoja mpaka kileleni. Kinanda peke yake kinatosha kabisa kuwabeba. Ila mpeni teno mwenye pumzi, mistari yake ni mirefu, na mwalimu asikubali kwaya imfunike.

Halafu sikilizeni mwanzo wa "Utukufu": soprano anaimba huku kwaya ikivuma midomo imefumbwa. Hapo mimi husisimka kila mara! Na ndani ya "Mwanakondoo" Gounod amepachika "Bwana, sistahili", anaimba teno, kisha soprano. Sala ya kabla ya komunyo katikati ya wimbo, inagusa sana.