Stormscope inaonyesha radi na hakuna hata wingu

Kaka, kwa hiyo Stormscope, kile kifaa cha kugundua radi, kwenye Long-EZ yako, ndege ndogo ya faibaglasi, inaonyesha vidoti vya radi wakati anga ni safi. Mi naona kifaa sio kibovu, shida ni bodi la ndege. Ndege ya bati, bodi lote linakuwa ardhi ya antena (uso wa chuma ambao antena inautegemea kufanya kazi) na linakinga kelele za umeme wa ndani, sasa faibaglasi haipitishi umeme kabisa, kwahiyo antena inasikia kila kitu, alteneta, taa za strobu (zile za kuwaka na kuzima), mota za otopailoti, vyote inadhani ni radi. Weka shiti ya alumini au wavu wa shaba chini ya antena, uunge vizuri na ardhi ya umeme, saizi fuata kitabu chake. Halafu ukiwa chini injini inawaka, zima kitu kimoja kimoja uone vidoti vinakata wapi, hapo ndo utamjua mchawi. Injini yako iko nyuma, antena jaribu mbele.

Ila nakuomba sana hicho kifaa kitumie kukwepa mawingu ya radi tu, sio kupenya katikati yake, kaa maili 20 au zaidi. Mwaka 1999 Dunstable, Uingereza, glaida (ndege isiyo na injini) ya faibaglasi ASK 21 ilipigwa radi ikasambaratika angani, waliokuwemo wawili wakaokolewa na parachuti.