Uliza Tukujibu: Nimemaliza Death Note, sasa nataka polisi wenyewe

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi msomaji wako wa Kihonda, Morogoro. Nimerudia Death Note, ile anime (katuni ya Kijapani) ya daftari la kuua watu, mara ya pili na kilichonishika sio lile daftari, ni ule upelelezi, polisi wamejifungia chumba kimoja wanamsaka mtu mmoja. Nipe anime za polisi, wapelelezi na magenge, ila zisiwe ndefu maana bando ndio hivyo tena. Halafu nina mdogo wangu wa miaka 12 kila nikiangalia yupo pembeni, naye nimpe ipi?

JIBU: Salama kabisa dada yangu. Nisamehe, sharti lako nalivunja hapa hapa, maana ya kwanza ninayokupa ni ndefu kweli, Monster, epi 74, ilionyeshwa 2004 mpaka 2005, imetoka kwenye manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Naoki Urasawa. Usiikimbie. Dokta Tenma ni Mjapani, bingwa wa kupasua ubongo, yuko Düsseldorf Ujerumani mwaka 1986, ukuta wa Berlin bado umesimama. Mwanzoni tu kuna mama wa Kituruki anamvaa dokta koridoni analia, mume wake ndiye aliyefikishwa hospitali kwanza ila wakubwa wakamhamishia Tenma kwa mwimbaji maarufu aliyeletwa baadaye, mume akafa. Mama anampiga kifuani, mtoto wake yupo pale pale anaangalia. Ndio maana safari nyingine wakubwa wanapomwambia achana na huyo mtoto mwenye risasi ya kichwa, nenda kwa meya, Tenma anagoma, anampasua mtoto na mtoto anapona. Balaa lote linaanzia hapo na mimi naishia hapo.

Ila wewe umeniulizia polisi, basi mtazame Inspekta Lunge wa BKA, polisi ya upelelezi ya shirikisho ya Ujerumani. Akimhoji mtu haandiki chochote, vidole vyake vinacheza tu hewani kama anachapa, ndivyo anavyohifadhi kila neno kichwani, miaka ikipita analitoa kama lilivyo. Mwanzo nilidhani ni mbwembwe za mchoraji tu. Kumbe unavyozidi kwenda unaona ile kazi imemla, nyumbani kwake kumebaki kutupu, na muda wote huo kamng'ang'ania mtu asiyehusika. Mimi anime ya polisi naipima kwa hapo, polisi akikosea nani anaumia? Kama hakuna anayeumia hiyo ni maigizo ya bastola tu.

Kwa kipimo hicho hicho chukua Psycho-Pass, msimu wa kwanza, epi 22, wa 2012 na 2013. Ni Japani ya miaka ijayo, mfumo unaitwa Sibyl unasoma akili ya kila mtu na kuipa namba ya hatari yake, namba yako ikipanda wewe ni mhalifu hata kama hujaiba hata yai la jirani. Bunduki ya askari ndiyo inayosoma hiyo namba, ikiwa chini ya 100 inajifunga, ikivuka 100 inakuzimisha, kuanzia 300 inaua. Sasa Akane Tsunemori, binti mgeni kabisa kazini, usiku wake wa kwanza anakutana na dada aliyetekwa, kafanyiwa ukatili, na kwa ile hofu yake namba imepanda, bunduki inasema naye ashughulikiwe. Huyo ndiye mwathirika jamani! Akane alichofanya hapo katazame mwenyewe, mimi nilisimamisha video nikakaa kimya kwanza. Ina damu nyingi, mdogo wako asiwepo.

Bando likigoma kabisa, 91 Days ya 2016, epi 12 unazimaliza wikiendi moja. Ni Marekani enzi pombe imepigwa marufuku, familia za mafia zinagombania biashara ya gongo, na kijana Angelo anapokea barua yenye majina ya waliomuulia wazazi na mdogo wake miaka 7 nyuma. Anajiingiza kwenye familia ile ile, anakula nao, anacheka nao. Hapa polisi hawana kazi kubwa, utamu wote uko kwenye kusubiri lini atajulikana.

Mdogo wako mpe Detective Conan. Inaonyeshwa tangu 1996, imeshapita epi 1,000, ila usiogope hiyo namba maana kesi nyingi zinaisha kwenye epi moja au mbili, haihitaji kufuata mpangilio. Stelingi ni mwanafunzi mpelelezi aliyelishwa dawa na watu wa nguo nyeusi akarudi kuwa mtoto. Maiti zipo karibu kila kesi kwa hiyo kaa naye, na muulize nani kaua kabla Conan hajasema, watoto wanapatia kuliko sisi.

SWALI: Kaka kwenye anime naona yakuza, magenge ya wahalifu ya Japani, wana ofisi zao kabisa mjini na polisi wanazijua, ni kweli au chumvi?

JIBU: Ni kweli ndugu yangu. Japani kuwa mwanachama wa kundi lenyewe sio kosa, kuna makundi yameorodheshwa na serikali kwa sheria iliyoanza kutumika 1992, na ofisi zao zilikuwa zinajulikana. Kubwa kuliko yote ni Yamaguchi-gumi, lilianzia Kobe 1915. Ila wamenywea sana, mwaka 1963 walikuwa zaidi ya 180,000, kufikia 2011 mikoa yote ya Japani ikawa na kanuni za kuwabana wafanyabiashara wasishirikiane nao, kwa hiyo leo yakuza kufungua akaunti benki au kupanga nyumba ni shughuli, na hata akiacha hiyo kazi kuna miaka 5 ya kuhesabiwa bado yumo.

Ukitaka kuona jambazi wa namna hiyo, wa siku hizi, sio wa panga na tattoo mgongoni, tafuta Odd Taxi ya 2021, epi 13. Wahusika wote ni wanyama, dereva teksi ni walrasi, mnyama wa baharini mwenye yale meno marefu, na kuna binti wa shule amepotea. Ukifika epi ya 4, ya yule mfanyakazi wa ofisini na kifutio alichokitamani tangu utotoni, zima data kwenye simu uitazame bila kukatishwa.