Umepona, sasa wataka kuuguza wenzio

Mwanangu, umeuliza kama miaka 2 baada ya kumaliza kemo, yaani dawa kali za saratani, kwa saratani ya titi ni mapema kusomea uuguzi pale KMTC Mombasa, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na kama wagonjwa uwaambie yako. Mimi nilipitia huko huko, na leo ni muuguzi.

Kusoma, soma. Ila wodini utainua watu. Kama ulitolewa tezi za kwapani, mkono ule huweza kuvimba, kwa hivyo zungumza na daktari wako kwanza. Na vidonge vya tamoxifen, vya kuzuia saratani ya homoni isirudi, ikiwa umeandikiwa, ni vya miaka 5 hata 10; usiviache kwa pilkapilka za mitihani.

La kuwaambia: subiri uulizwe. Mama mmoja wa Likoni, dripu mkononi, alinitazama mtandio akauliza, "Zako zilirudi lini?" Nikausogeza nyuma, akazigusa nywele, akacheka. Yalitosha. Nilipokuwa mgeni kazini nilimsimulia mwingine dawa zangu zote, naye akaja kudai zizo hizo. Saratani ya titi si moja! Yangu ilikuwa ya homoni, yaani hukuzwa na homoni za mwili, yake siyo. Nilijuta.

Na siku harufu ya spiriti ikikurudisha kwenye kiti kile cha kemo, omba zamu nyingine. Mimi bado huomba.