Hewa safi ina bei gani?

Unauliza watu wangetoa kiasi gani wapate hewa safi. Mimi nisingewauliza, ningeangalia wanacholipa tayari. Chukua nyumba mbili zinazofanana: iliyo mbali na moshi wa barabara kuu kwa kawaida kodi yake iko juu, na sehemu ya tofauti hiyo ndiyo jibu lako. Lakini hapo pana mtego, tena mkubwa. Asiye na kitu hulipa kiasi kidogo kwa sababu mfuko wake ni mdogo, si kwamba mapafu yake yana thamani ndogo. Mama anayekesha kitandani akisikiliza mwanawe wa pumu anavyohema kwa shida, umwandikie shilingi ngapi? Angetoa chochote alicho nacho.