Jibu: Gari la rimoti la kuanzia kwenye mchanga wa Tabora

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama uchukue gari la rimoti la chini la mbio au lori la matairi makubwa, ukiwa hapa Tabora, na unataka litakalodumu miaka. Mimi ningechukua lori la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi. Nilianza na gari la chini, na jioni ya kwanza, uwanjani chini ya miembe, tumbo lake lilikwama mchangani kabla halijamaliza mita kumi; nilipolifungua nilikuta gia zimejaa chembe, zikisagana kama kinu.

Kabla ya kuulizia kasi, muulize muuzaji kama vipuri vinauzwa kimoja kimoja, hasa gia, servo (kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele) na mikono ya sapensheni, kwa kuwa ndivyo vinavyotangulia kuvunjika. Mota yenye brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake, inamtosha anayeanza, na bei yake ni nafuu. Ukichagua betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, yaani volti 7.4, hakikisha gari linakata umeme lenyewe kabla seli yoyote haijashuka chini ya volti 3, la sivyo itaharibika na huenda ikavimba; wala usiiache ikichaji nawe umelala. Gari la rimoti la mafuta sijawahi kumiliki, hivyo nimesema ya betri tu.