Karatasi za baba na muuza bajia

Baba alipofariki tulisoma hitima, wageni wakaondoka, nasi watoto tukaingia kusafisha chumba chake. Hapo ndipo tulipoharibu. Kaka yangu alichukua furushi zima la karatasi akampelekea muuza bajia wa mtaani, akidhani ni takataka za zamani. Siku ya tatu yake nikanunua bajia za magharibi. Nafungua, ndani ya mafuta mwandiko wa baba: majina ya waliohudhuria mkutano, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema nini.

Nilikula zile bajia nikilia, sifichi.

Baba alikuwa wakili wa kesi za mazingira hapa Lamu, lakini nyumbani alikuwa baba tu. Bamvua ikifika, maji yakijaa sana, alitupakia mashuani sote, mpaka ndani ya msitu wa mikoko, atufundishe kutofautisha mkoko wenyewe na mchu, mti mwingine wa humo humo. Mchu tuliujua kwa kulamba jani, maana lina chumvi. Mama alikuwa akigomba kwamba tutaumwa na tumbo.

Kama umefiwa na mtu wa namna hii, fungia chumba chake kwanza. Karatasi zisiguswe mpaka arubaini ipite na akili zitulie, kisha akae nazo mtu anayejua kusoma mambo yale. Kesi za mazingira husimama kwa karatasi hizo hizo. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa hapa Lamu, ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa linalosikiza kesi za mazingira, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sasa utaonyeshaje kwamba watu hawakuulizwa, kama hakuna aliyeandika nani alikuwepo na alijibiwa nini? Baba aliandika. Tarehe aliiweka kubwa, juu kabisa, kwa sababu anayetaka kupinga leseni ana siku 60 tu.

Na mtu kama huyo, kaa naye umsikilize angali hai. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wavuvi walikuwa wakimuuliza barazani, "Wakili, mimi sina shamba kule, nitasema nini kortini?" Naye huwaeleza kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya: yeyote anaweza kushtaki haki ya mazingira safi ikivunjwa, hata kama hasara haikumpata yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nikipita na sinia ya kahawa, nasikia nusu nusu. Simu ninayo mkononi miaka yote hiyo, sikumrekodi hata mara moja.

Karatasi tuliokoa kiasi. Nilizianika juani, nikazipiga picha, zikaingia kwenye kopo lake la biskuti. Muuza bajia naye siku hizi akiletewa karatasi zenye mwandiko, humtuma mwanawe kwangu kwanza. Juzi kaleta hesabu za madeni ya duka la mtu.